Kinga ya mwili: kinachorithiwa na kinacholiwa, kutoka Mara hadi Moshi

Kinga ya mwili haifanani kwa watu wawili, hata wakiwa wa tumbo moja. Katika mji mdogo kama Nyamwaga, wilayani Tarime, watoto wa nyumba moja hulala chini ya paa moja, hunywa maji ya kisima kimoja na kung'atwa na mbu walewale. Kisha mmoja akashikwa na homa kali na degedege, na mwenzake akaumwa kichwa siku moja tu na kesho yake akarudi kuchunga. Tofauti hiyo ina sababu zinazopimika. Sehemu yake imo katika vinasaba ambavyo kila mtoto amechukua kwa wazazi wake, sehemu imo katika namna mwili unavyokichakata chakula na kukigeuza kuwa nguvu, na sehemu imo katika mabilioni ya vijidudu wanaoishi utumboni. Mkoa wa Mara uliingia katika elimu hiyo mapema, kabla hata ya uhuru.

Mwaka 1956 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha hesabu za damu ya wakazi wa Wilaya ya Musoma, Tanganyika. Kati ya watoto wachanga 287 waliopimwa, 189 hawakuwa na kinasaba cha selimundu, 89 walikuwa wamekirithi kwa mzazi mmoja, na 9 walikuwa wamekirithi kwa wazazi wote wawili. Kwa watu wazima 654, hesabu ilikuwa 400, 249 na 5. Wenye kinasaba kimoja walikuwa asilimia 31 ya watoto, lakini kwa watu wazima walifika asilimia 38. Wenye viwili walishuka kutoka asilimia 3 hadi chini ya asilimia 1.

Nyuma ya asilimia hizo kuna makaburi ya watoto. Waliorithi kinasaba hicho kwa wazazi wote wawili waliondoka wadogo kwa ugonjwa wa selimundu. Wasiokuwa nacho kabisa walipunguzwa na malaria. Waliokuwa na kimoja ndio waliofika utu uzima kwa wingi zaidi, kwa sababu chembe zao nyekundu hazimpi kijidudu cha malaria makazi mazuri. Allison alikuwa ameshatoa hoja hiyo mwaka 1954, na wengi hawakuikubali haraka. Hesabu za Musoma ziliipa nguvu, na mpaka leo hutumika katika vitabu vya jenetiki kuonyesha jinsi ugonjwa unavyoweza kubadili damu ya watu, kizazi hata kizazi.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kazi ya kinasaba hicho inaishia ndani ya chembe nyekundu. Utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha zaidi ya hapo. Kwa watoto wenye kinasaba kimoja, ulinzi dhidi ya malaria ya kawaida ulikuwa kama asilimia 20 katika miaka miwili ya kwanza ya maisha, ukapanda hadi asilimia 56 walipokaribia miaka 10. Kama ingekuwa ni umbo la chembe peke yake, ulinzi usingekua pamoja na mtoto. Kinachokua na mtoto kwa namna hiyo ni kinga, inayojifunza kila mbu anapong'ata. Inaelekea, basi, kwamba kinasaba hiki husaidia pia kinga kujifunza mapema.

Hukohuko Kilifi, mwaka huohuo, watafiti walipima ni kiasi gani cha tofauti za kuugua malaria kati ya watoto kinatokana na urithi. Jibu lilikuwa kama robo. Selimundu, pamoja na umaarufu wake wote, ilieleza asilimia 2 tu ya tofauti hizo. Sehemu nyingine ya urithi imesambaa katika vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia kidogo.

Upande wa Serengeti kuna mfano mwingine wa urithi, na wafugaji wa Mara wanaujua kwa hasara zake. Mbung'o akimng'ata ng'ombe humwachia vimelea vya nagana, na ng'ombe hukonda mpaka akafa. Mbung'o huyohuyo akimng'ata mchungaji, vimelea vingi vya aina hiyo havifanyi kitu, kwa sababu damu ya binadamu ina protini iitwayo APOL1 inayovitoboa na kuviua. Lakini vimelea vya malale vya Afrika Mashariki vimejitengenezea silaha yao: protini inayoikamata APOL1 na kuizima. Ndiyo maana malale bado yanawezekana katika mbuga hizi, na mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, Serengeti ikiwemo, waliugua baada ya kurudi makwao. Kwa baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, kinasaba cha APOL1 kimebadilika na kuongeza ulinzi dhidi ya malale. Mwaka 2010 ilibainika kwamba ulinzi huo una gharama: mtu akirithi nakala mbili zilizobadilika, hatari ya ugonjwa wa figo hupanda sana. Kama ilivyo kwa selimundu, kinga iliyowasaidia mababu kuishi huweza kuwaumiza wajukuu.

Urithi, hata hivyo, hauelezi yote. Mwaka 2015 matokeo ya watafiti waliopima damu ya mapacha 210 yalionyesha kwamba kwa zaidi ya robo tatu ya vipimo vya kinga, tofauti kubwa zilitokana na mambo yasiyorithiwa: maambukizi ya zamani, chanjo, chakula, mazingira. Pacha wanaofanana kabisa kwa vinasaba hutengana kwa kinga kadiri wanavyozeeka. Mwaka uliofuata, kundi la watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, akiwemo Mihai Netea, lilitoa matokeo ya vipimo vya watu wenye afya wapatao 500. Walichukua damu yao, wakaichokoza kwa bakteria na fangasi katika chupa za maabara, wakapima saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari na kuitana vitani. Kisha wakalinganisha na vinasaba, kemikali za damu na vijidudu vya utumboni vya kila mtu. Vyote vitatu vilionekana kuhusika. Kasoro ilikuwa moja, na ni kubwa: watu wale karibu wote walikuwa na asili ya Ulaya.

Kabla ya kufika kwenye kazi iliyoziba pengo hilo, inafaa kueleza umetaboli, yaani namna mwili unavyokigeuza chakula kuwa nguvu, unaingiaje. Seli ya kinga iliyopumzika hutumia nishati kidogo, polepole, kama jiko lililofunikwa majivu. Adui akiingia, hubadili mwendo ghafla na kuanza kuchoma sukari kwa haraka, maana kuzaana na kutengeneza silaha kunahitaji nguvu na malighafi papo hapo. Kwa hiyo kilichomo katika damu wakati huo, sukari, mafuta, kolesteroli, kemikali za mboga, huamua seli itawaka kiasi gani na itazimika lini. Moto huo wa kinga kwa lugha ya kitabibu huitwa mchochota: joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Ukiwaka na kuzimika, umeponya kidonda. Ukibaki unafuka miaka na miaka bila adui wa kupigana naye, huharibu mishipa ya damu, kongosho na viungo.

Mwenye kisukari anauonyesha uhusiano huu kwa uwazi wa kusikitisha. Sukari iliyozidi katika damu hudhoofisha seli za kinga, na hatari yake ya kuugua kifua kikuu huwa mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine. Upande wa pili yuko mtoto mwenye utapiamlo mkali: kinga yake haina kuni za kuwasha, na surua au kuhara ambako mwenzake angepona kwaweza kumuua.

Jambo jingine lililogunduliwa katika miaka ya karibuni ni kwamba hata seli za kinga za mstari wa mbele, zilizodhaniwa hazina kumbukumbu, huweza kufundishwa. Chanjo ya BCG, ambayo watoto wa Tanzania hupewa wanapozaliwa ili kuwakinga na kifua kikuu, huziachia seli hizo alama katika umetaboli na katika mpangilio wa vinasaba vyao, zikaamka kwa nguvu zaidi hata mbele ya adui mwingine. Netea na wenzake wameiita hali hiyo kinga iliyofundishwa. Swali lililofuata lilikuwa zito: kama chanjo inaweza kuzifundisha seli, chakula cha kila siku je?

Vijidudu vya utumboni ndio kiungo cha tatu, nao hula kile ambacho mwenyeji wao ameshindwa kusaga. Nyuzinyuzi za wimbi, mtama, maharage, ndizi na majani ya kunde hupita katika utumbo mwembamba bila kumeng'enywa na kufika katika utumbo mpana. Huko bakteria huzichachusha, sawa na togwa inavyochachuka kwenye mtungi, na kutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizo hizo hulea seli za kinga zenye kazi ya kutuliza, zile zinazowaambia wenzao kwamba vita imekwisha. Nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi ya bakteria hugeukia ute unaoulinda ukuta wa utumbo na kuula. Ukuta ukidhoofika, vipande vya bakteria hupenya kuingia katika damu, na kinga huwaka kila siku kwa sababu isiyoonekana. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Uganda, alikuwa miongoni mwa waliotangaza umuhimu wa nyuzinyuzi kwa kutazama vyakula na maradhi ya Afrika Mashariki, miaka mingi kabla ya vifaa vya kusoma vinasaba vya bakteria kupatikana.

Kusini mwa Serengeti, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, wanaotegemea asali, mizizi, matunda ya porini, ubuyu na nyama. Utumbo wao umechunguzwa sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria wao hubadilika kwa majira: aina fulani hupungua sana wakati wa masika, kiangazi kikirudi nazo zikarudi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwakuta na wastani wa aina 730 za vijidudu kwa mtu, wakati wakazi wa California walikuwa na 277. Watu wa mijini duniani wamepoteza aina nyingi za vijidudu bila kujua kwamba walikuwa nazo.

Mambo haya matatu, vinasaba, umetaboli na vijidudu, yalikutanishwa pamoja Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania wa taasisi za kitabibu za Moshi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Nijmegen, waliwachukua watu wazima 323 wenye afya njema, wengine wa Moshi mjini na wengine wa vijijini. Matokeo makubwa yalitoka mwaka 2021, Godfrey Temba akiwa mwandishi wa kwanza wa ripoti kuu. Damu ya wakazi wa mjini ilikuwa imeelekea kwenye mchochota, ingawa hakuna aliyekuwa mgonjwa. Seli zao zilipochokozwa zilijibu kwa saitokini nyingi zaidi. Katika damu ya watu wa vijijini zilionekana zaidi kemikali zitokanazo na mimea, mojawapo ikiwa apijenini, ambayo katika maabara ilituliza seli za kinga. Kwa watu wa mjini tofauti zilionekana zaidi katika kemikali za kolesteroli na homoni zinazotokana nayo.

Jaribio moja la ripoti hiyo linastahili kuelezwa polepole. Watafiti walichukua seli za kinga, wakazilowesha katika majimaji ya damu ya wakazi wa mjini, kisha wakayaondoa na kuziacha zipumzike. Baadaye wakazichokoza kwa vijidudu. Seli zile zilitoa protini ya mchochota iitwayo TNF kwa wingi kuliko zile zilizoloweshwa katika majimaji ya damu ya watu wa vijijini. Majimaji yalikuwa yameshaondoka, lakini somo lilibaki. Kwa maneno mengine, alichokula mtu, na namna alivyoishi, vilikuwa vimeandikwa katika damu yake, na damu hiyo iliweza kuifundisha seli tabia mpya.

Ripoti nyingine ya mwaka huohuo ilichunguza vinyesi vya watu hao. Ulionekana mteremko: kijijini bakteria wa kundi la Prevotella wakitawala, mjini wakipungua, na Wazungu wakiwa mwisho wa mteremko. Aina 34 za vijidudu zilihusiana na nguvu ya kinga, na njia mbili za kemikali, za histidini na ajinini, ambazo ni sehemu za protini, zilijitokeza kuwa huenda ndizo lugha ambayo vijidudu huzungumza na seli za kinga. Mwaka 2022 ikafuata kazi ya vinasaba: vile vinavyoongoza utoaji wa saitokini kwa Watanzania vilikuwa tofauti na vilivyokuwa vimepatikana Ulaya. Tokeo hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Dawa na chanjo nyingi zinazotumika Afrika zimebuniwa kwa vipimo vya damu ya watu wa mbali, na tofauti hizi zinaonyesha kwamba damu ya huku inapaswa kupimwa yenyewe.

Uhusiano peke yake hauthibitishi chanzo. Anayeishi mjini hutofautiana na wa kijijini kwa mambo mengi: kazi, usingizi, moshi wa magari, mwendo wa miguu. Kwa hiyo watafiti wa Moshi wakafanya jaribio halisi, lililochapishwa Aprili 2025. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Watu 23 wa vijijini waliacha chakula chao cha asili kwa wiki mbili na kula vyakula vya kizungu: soseji, mkate mweupe, chipsi na vinginevyo vilivyosindikwa. Watu 22 wa mjini wakafanya kinyume, wakala mboga, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa. Wengine 22 wa mjini walikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, kila siku kwa wiki moja. Waliobaki 10 hawakubadili chochote.

Wiki mbili zilitosha. Kwa walioingia kwenye soseji na chipsi, protini za mchochota zilipanda katika damu, umetaboli ukaelekea upande wa maradhi yasiyoambukiza, na seli zao zikawa dhaifu mbele ya vijidudu vilivyowekwa kuzijaribu. Yaani moto ulikuwa ukifuka bila sababu, na adui alipokuja haukuwaka vizuri. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili na kwa waliokunywa mbege, mchochota ulishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye, watu wakiwa wamesharudi kwenye sahani zao za kawaida. Kinachoonekana kufanya kazi katika mbege ni nafaka, ndizi na uchachu. Pombe yenyewe ina madhara yanayojulikana, na jaribio hili si kibali cha kulewa.

Mara haina mbege, lakini ina vyakula vya ukoo huohuo. Jiko la Mkurya limejengwa juu ya ugali wa wimbi, mtama na muhogo, maziwa ya mgando, mboga za majani chungu kama mnavu na mgagani, ndizi za nyanda za juu za Tarime na dagaa wa Ziwa Victoria. Uji uliochachuka pia una ushahidi wake wa Tanzania: mwaka 1999 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Tanzania na Sweden kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano waliopewa uji wa nafaka uliochachushwa. Bakteria wa kuharisha walipungua katika vinyesi vyao. Asidi ya uchachu huwazuia bakteria hao, jambo ambalo mama wengi walilijua kwa vitendo tu.

Isidhaniwe kwamba maisha ya kijijini ni dawa kamili. Mtoto anayekunywa maji machafu mwezi hadi mwezi hushambuliwa utumbo wake mpaka vinyweleo vya kufyonza chakula vikalika, na hali hiyo huipunguzia nguvu hata chanjo ya matone. Chanjo ya rotavirusi, inayozuia kuhara kukali, ilikinga zaidi ya asilimia 90 katika majaribio ya Ulaya, lakini Malawi ilikinga kama nusu. Tanzania iliianza mwaka 2013, na hata kwa nguvu pungufu imefaa, kwa sababu huku kuhara huua zaidi. Katika majaribio ya chanjo moja ya malaria yaliyofanyika Bagamoyo, watu wazima wa Tanzania walitengeneza kingamwili chache kuliko Wamarekani waliochanjwa vivyo hivyo. Miili iliyokwisha kukutana na malaria mara nyingi hujibu kwa namna yake. Minyoo nayo huituliza kinga kupita kiasi ili iendelee kuishi utumboni, na mwenye minyoo huweza kujibu chanjo kwa unyonge.

Nyamwaga yenyewe iko njiani kati ya hali hizi mbili. Ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, na migodi ya dhahabu ya Nyamongo iko jirani. Fedha ya mshahara na ya mgodi huleta soda, maandazi, chipsi na unga wa sembe uliokobolewa mpaka ukawa mweupe pe, na kijana aliyelelewa kwa ugali wa wimbi hula mara tatu kwa siku nje ya nyumbani. Urithi wa damu yake haubadiliki. Wazazi wanaweza kuujua mapema kwa kupimwa selimundu kabla ya ndoa, na kwa kumpima mtoto anapozaliwa. Mchochota na umetaboli, kwa ushahidi wa Moshi, hubadilika ndani ya siku 14 chakula kikibadilishwa, kwa uzuri au kwa ubaya. Halmashauri na kamati za shule zinazopanga chakula cha wanafunzi wa Tarime na Serengeti ziuingize uji wa wimbi usiokobolewa, maharage na mboga za majani, na kila shule inayopika uji huo ipate maji safi ya bomba.